Kuunganisha R na QGIS

SWALI: Ndugu Mhariri, ninachambua takwimu za kaya kwa R, programu ya takwimu, kisha ninazihamishia QGIS kwa mkono, kata moja baada ya nyingine, ili nichore ramani. Je, programu hizi haziwezi kuunganishwa?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Zinaweza. Pakeji ya sf, yaani nyongeza ya R ya kushughulikia data za ramani, husoma mipaka ya kata ndani ya R na kuiunganisha na jedwali lako, kisha amri ya st_write huhifadhi matokeo katika faili la GeoPackage, ambalo QGIS hulifungua moja kwa moja. Shepufaili (shapefile), muundo wa zamani wa faili za ramani, tungekushauri uiache, kwani hukata majina ya safu yanayozidi herufi 10.

Wengi hukwama kwenye msimbo wa eneo, yaani namba inayotambulisha mkoa au kata. Msimbo wa Mkoa wa Dar es Salaam ni 07, na R ikiusoma kama namba hubakiza 7 tu, hivyo jedwali halioani na mipaka na kata zako zote hutokea tupu kwenye ramani, ingawa takwimu zenyewe ni sahihi. Iagize safu hiyo isomwe kama maandishi.

Hakikisha pia kwamba tabaka zote zinatumia mfumo mmoja wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), mathalani ule wenye namba EPSG 32737, kwa kuwa ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960 husogea mita mia kadhaa zisipobadilishwa.