Mliofungwa kwenye mchujo, msifungashe mabegi

Vijana wangu wa tenisi, nimechoka kusema kwa mdomo, sasa naandika. Kila msimu linakuja kundi jipya, servu kali kuliko tulizokuwa nazo sisi, fohendi za kutisha, halafu watu wanatolewa kwenye mashindano wakiwa hotelini. Ya uwanjani mna makocha wa kuwafundisha. Mimi nasema haya ya pembeni, ambayo mnayadharau mpaka yawagharimu mechi.

1. Kiwango chako cha dunia kinachokuingiza droo kuu bila mchujo ni cha siku majina yanapofungwa, si cha siku unaposhuka na mabegi yako. Grand Slam, yale mashindano makubwa manne ya mwaka, wanafunga wiki 6 kabla. Nafasi ni 128: 104 za viwango, 8 za kadi za mwaliko ambazo waandaaji humpa wamtakaye, 16 za wanaotoka mchujo, yaani mechi za awali za kugombea kuingia. Kwa hiyo anayenijia na "kocha, Jumatatu nimepanda nafasi kumi, wataniweka ndani," nampa pole pamoja na ratiba ya mchujo. Na mkipewa kadi ya mwaliko, chukueni bila kuona haya. Goran Ivanišević alikuwa wa 125 duniani mwaka 2001, Wimbledon wakampa kadi, akaondoka na kombe.

2. Acheni kupiga hesabu za nusu fainali. Nawaona mmeinamia simu droo ikitoka, "nikimpita huyu, namba 4 yuko upande wangu." Wewe hujapangiwa namba yoyote! Kwenye droo ya watu 32 wanaopangiwa namba ni wakubwa wanane tu, ili wasikutane mapema, na wewe unaweza kuangukia kwa namba 1 siku ya kwanza. Soma mstari wako mmoja basi. Na ukikuta jina la mpinzani bado halijaandikwa kwa sababu anatoka mchujo, usishangilie. Huyo ameshashinda mechi mbili kwenye viwanja hivyo hivyo, tatu kama ni Grand Slam, anajua mpira unavyodunda na upepo unavyokata jioni, wakati wewe bado unauliza pa kufulia. Wimbledon 2010, John Isner, aliyepangiwa namba 23, alipewa mtu wa mchujo raundi ya kwanza. Mtu huyo ni Nicolas Mahut. Walicheza saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya tano ikaisha 70-68. Isner alishinda, lakini raundi iliyofuata alikwisha kabisa, hakuwa na mguu wala mkono.

3. "Mechi ya tatu, uwanja namba 5" haina saa. Ya kwanza inaweza kuchukua muda wa saa tatu, ya pili ikavunjika kwenye gemu ya nne jamaa akishika paja. Mmoja wenu (anajijua) ilimkuta sahani imejaa na raketi ziko kwa mtia nyuzi. Mechi yako ikishaitwa, dakika 15 zikipita hujatokea, umetolewa.

4. Mipira mipya inakuja baada ya gemu 7 za kwanza, kisha kila baada ya 9; jua ni nani atakayeifungulia kwa servu.

5. Hii ndiyo iliyonikalisha kuandika. Ukifungwa raundi ya mwisho ya mchujo, nenda kasaini orodha ya malaki luza, yaani waliofungwa mchujo wanaoingizwa droo kuu mtu akijitoa. Saini siku hiyo, saini kesho yake asubuhi kabla ya mechi ya kwanza, na usitoke hapo mpaka mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza ianze.

Mnaniuliza kwa nini nakuwa mkali kwa jambo la kuweka jina tu. Basi niwaambie. Nilikuwa kwenye mashindano ya 250, ngazi ya chini ya ziara ya ATP (ziara kuu ya wanaume), uwanja wa udongo, raundi ya mwisho ya mchujo, seti ya tatu, tai-breki (gemu ya kuamua seti). Nina pointi ya mechi mkononi, servu ni yangu. Servu ya kwanza nje. Ya pili nikaipiga kwa woga, ikagonga utepe wa wavu na kurudi kwangu. Baada ya hapo sikupata hata pointi moja zaidi. Natoka uwanjani, msimamizi ananiambia kwa upole kabisa, "Usisahau kusaini." Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi nimeshatolewa, nisaini nini. Usiku ule ule nikabadilisha tiketi.

Jumanne, raundi ya kwanza bado inaendelea, mmoja wa wakubwa akashikwa na mgongo wakati wa kupasha misuli. Msimamizi akafungua orodha. Wiki ile nafasi ilikuwa inakwenda kwa mwenye kiwango cha juu zaidi kati ya waliosaini, na katika sisi tuliofungwa wa juu nilikuwa mimi. Sikusaini. Nafasi akapewa aliyenifuata, kijana ambaye mazoezini nilikuwa namfunga nikiongea. Akaingia, akakutana na mtu mwenye homa, akashinda, akapanda. Mimi habari nilizipata uwanja wa ndege, kwa ujumbe wa rafiki: "Uko wapi wewe?"

Na bado hamjasikia baya lenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa nawaambia watu niliondoka kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kocha wangu nilimwambia hivyo. Hata mke wangu nilimwambia hivyo. Kifundo kilikuwa kizima! Ukweli ni kwamba niliona aibu kukaa mezani na watu walioshinda, wakati mimi nimefungwa na servu yangu mwenyewe. Nilikimbia macho ya watu ambao, nikikumbuka sasa, hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama.

Sasa sikilizeni orodha hii halafu mniambie laki luza ni mtu wa kujaza nafasi. Heinz Günthardt, 1978, alikuwa wa kwanza kuchukua kombe akiwa laki luza. Andrey Rublev, Umag 2017, kombe. Wiki iliyofuata, Leonardo Mayer, Hamburg, kombe. Marco Cecchinato, Budapest 2018, kombe, na wiki chache baadaye akamtoa Djokovic Roland Garros, Grand Slam ya Paris, akafika nusu fainali. David Goffin mwaka 2012 aliingia Roland Garros kwa mlango huo huo, akaenda hadi raundi ya nne akatolewa na Federer. Na tangu 2018 Grand Slam zimelegeza mambo: mwenye jeraha akijitoa mapema akiwa pale pale anapata nusu ya fedha za raundi ya kwanza, nusu nyingine inamwendea anayemrithi. Yaani siku hizi majeruhi wana sababu ya kukuachia kiti, na wewe uko kwenye foleni ya kupanda ndege.

Mkiweza, ingieni na droo ya wawili wawili. Angalau itawazuia kukimbia mji.

6. Kwenye udongo, usivuke wavu kwenda kukagua alama ya mpira upande wa mwenzako. Ni adhabu ya bure. Na tangu 2025 mashindano ya ATP mistari inaamuliwa na mashine, hivyo yule aliyekuwa anabishana na mwamuzi juzi alikuwa anabishana na kamera. Roland Garros bado wana waamuzi wa mistari, kabishaneni huko.

7. Ratiba ya kesho hutoka jioni na iko kwenye simu zenu. Msinipigie saa tano usiku kuniuliza mnacheza saa ngapi. Mkinipigia, nitawauliza kwanza kama mmesaini.