Namba ya kwenye RAM si kasi utakayoipata

Swali: Nimeshanunua prosesa ya Intel Core i5-12400. Muuzaji ananipa mazabodi ya H610 na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), GB 16, kizazi cha DDR4, kasi ya 3600, akisema bodi itaifikia kasi hiyo yenyewe. Rafiki yangu anasisitiza nichukue Z690. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Ndugu yangu, hakuna wa kumsikiliza hapo. Z690 utailipia uwezo wa kupandisha kasi ya prosesa, wakati kizidishio cha i5-12400, yaani namba inayopanga kasi yake, kimefungwa tangu kiwandani.

Linaloniudhi ni hilo neno "yenyewe". Naletewa kompyuta mpya kabisa, nafungua Task Manager ya Windows, nabofya Memory, nakuta 2133. Mwenyewe amelipia 3600! RAM ya aina hiyo huwaka kwa kasi ya msingi mpaka mtu aingie kwenye BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka) awashe XMP, yaani kasi iliyoandaliwa na mtengenezaji wa RAM, tena chipseti, ile chipu ya bodi inayoipa jina kama H610 au Z690, iwe inaruhusu. H610 hairuhusu RAM kuvuka kiwango cha Intel, na kwa prosesa yako kiwango hicho ni 3200 kwa DDR4. B660, chipseti iliyo juu ya H610, inaruhusu, lakini kwako tofauti ya 3200 na 3600 ni ndogo mno.

Kitakachokuumiza ni kile kipande kimoja. Prosesa yako ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na kipande kimoja kinaiachia moja tu. Kama huna kadi ya grafiki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu grafiki za ndani ya prosesa zinachota kwenye RAM hiyohiyo. Nunua viwili vya GB 8, vya 3200. H610 ina sloti mbili tu, kwa hiyo ukijua utaongeza RAM baadaye, tafuta B660 yenye sloti nne, uanze na ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Na jamani, someni jina la bodi mpaka herufi ya mwisho. B660 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na pengo la chini ya RAM haliko mahali pamoja, kwa hiyo ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Fundi akikwambia "kandamiza tu, itaingia", mnyang'anye bodi yako. Wengine wanauza bodi za X99, chipseti ya Intel ya zamani ya daraja la juu, kwa bei ya kutupa, ndani mna chipseti iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu ya aina nyingine, na mnunuzi anaona jina la kwenye boksi tu.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aingie BIOS, uione 3200 kwa macho yako, na vipande vyote viwili viwe vimesomeka.