Klipu inasema mama aache dawa za presha, nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo dada. Mama ana presha na anameza vidonge miaka mingi sasa. Mjomba kaleta klipu ya sauti kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, jamaa anajiita daktari bingwa wa Muhimbili, anasema vidonge vinaua figo, mtu atumie kitunguu swaumu na ndimu siku 21 presha inaisha kabisa. Mwishoni anatoa namba ya kuagizia dozi. Mama kaacha dawa wiki iliyopita na anasema anajisikia vizuri tu. Ntajuaje kama ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote mama aende kliniki leo, sio kesho, maana kujisikia vizuri sio kipimo, presha inakaa kimya mtu hata kichwa hakimuumi mpaka siku kiharusi kinampiga. Na hilo la figo jamaa kaligeuza kabisa, presha isiyotibiwa ndo inaharibu figo, na zipo dawa za presha ambazo zinazilinda!

Sasa klipu yenyewe. Angalia juu yake kama ina mishale miwili, ukiiona ujue imesharushwa mara tano au zaidi kabla ya kuwafikia, kwahiyo mjomba mnamjua ila aliyerekodi hamjui, na imani yenu kwa mjomba ndo inambeba huyo msiyemjua. Je kataja jina lake kamili? Madaktari wana usajili Baraza la Madaktari Tanganyika, jina linatafutika, sasa bingwa anayetaja hospitali kubwa halafu jina lake anaficha, ila namba ya kulipia haisahau, huyo ni muuzaji.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kaanzia kwenye ukweli. Kitunguu swaumu kimefanyiwa utafiti na upo unaoonyesha kinaweza kushusha presha kidogo. Kutoka "kidogo" mpaka "inaisha kabisa, acha dawa", hapo katikati ndo kauza uongo wake. Mama aendelee nacho kwenye mboga, ila akitaka kukitumia kama dawa amwambie daktari, hasa kama anameza pia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na mjomba usimuumbue mbele ya ukoo, mpigie pembeni umweleze taratibu, halafu yeye mwenyewe ndo aandike kwenye grupu kwamba klipu ile isifuatwe, maana walioipokea kwake watamsikia yeye kuliko wewe.