Ua la utepe huharibikia kwenye ncha

Wengi wanaoanza hulaumu sindano. Lakini mara nyingi ua huwa limeshaharibika kabla uzi haujatungwa, pale utepe ulipokatwa na ncha zake kuchomwa.

Chagua satini ya poliesta yenye upana wa sentimita 5. Kabla ya kuitumia, shika kipande kidogo kwa kibano ukisogeze kwenye moto. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kikibaki jivu linalosagika vidoleni, hiyo ni pamba au hariri, na ncha zake hazitaziba kwa moto hata ufanyeje. Nyeupe iache kwanza, maana kila masizi na kila jasho la kidole litaonekana. Rangi ya damu ya mzee husamehe mengi.

Ua la petali 5 linataka miraba 5 ya sentimita 5 kwa 5. Kata utepe wa sentimita 30 ili ubaki na mraba mmoja wa akiba. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho: tofauti ya milimita 3 haionekani mkononi, ila ua likikamilika petali moja hujitokeza kama jino lililoota vibaya.

Sasa moto. Washa mshumaa, weka bakuli la maji karibu. Zinazochomwa ni pande 2 zilizokatwa tu. Kingo za kiwandani hazifumuki. Pitisha ncha pembeni mwa sehemu ya chini ya mwali, ile ya buluu, kwa sababu ya njano ndiyo inayotoa masizi. Usiuingize utepe motoni wala usitulie mahali pamoja. Unachotafuta ni mstari mwembamba unaong'aa, basi. Ukizidisha, ukingo huwa mgumu kama plastiki, sindano haipenyi na marinda hayavutiki.

Kunja mraba kona kwa kona upate pembetatu, upande unaong'aa ukiwa nje. Tumia uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili, wenye fundo nene. Piga bandi, yaani mshono wa kuingiza na kutoa sindano, kwenye pande mbili fupi, milimita 3 kutoka ukingoni, kila pigo milimita 4 hivi. Bandi ndefu hutoa mikunjo mikubwa michache, na petali huonekana kama begi lililofungwa kamba. Ukifika kwenye kona usigeuke ghafla; ipite kwa pigo la mshazari, la sivyo hapo patabaki kipande kisichovutika.

Vuta uzi petali hiyo ijikunje kabla ya kuanza nyingine, kisha endelea na uzi uleule. Wanaosubiri kuvuta zote 5 kwa pamoja ndio wanaokatikiwa na uzi. Zote zianzie upande mmoja, kulia au kushoto, ili mikunjo ielekee njia moja.

Baada ya ya tano, chomeka sindano kwenye pigo la kwanza kabisa, vuta duara lifunge, piga fundo mara 3. Katikati patabaki tundu dogo, ni kawaida. Likizidi upana wa penseli, hukuvuta vya kutosha, na gundi haitalificha.

Shanga au kifungo cha sentimita 1 kishone, kishike imara. Nyuma weka duara la kitambaa kizito la sentimita 3. Gundi ya moto ipake kwenye duara hilo, si kwenye ua: satini nyepesi hupata mabonde kwa joto lake, na hayo hayapigwi pasi yakatoka.