Kaseti Haimsubiri Mchezaji

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi nikimngoja bawabu alete ufunguo. Unasema kuna mama hapo Leicester, Uingereza, anayetaka binti yake afanye arangetramu, lile onyesho la kwanza la peke yake la bharatanatyamu, ngoma yetu ya India ya kusini, mwezi wa nane. Ukumbi ameshalipia na kadi za mwaliko ziko kwa mchapaji. Binti amesoma kwako miaka mitatu, saa moja na nusu kwa wiki, na bado hawezi kukaa aramandi, ule mkao wa nusu kuchuchumaa magoti yakitazama nje, dakika tano bila magoti kuanza kunyooka. Ukikataa, mama yake atampeleka kwa mwalimu mwingine. Ukaniuliza, "Mama, wewe ungefanya nini?"

Mimi nilikubali, mwanangu. Wewe ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo.

Ilikuwa mwaka 1998, hapa hapa Nairobi. Ulikuwa na miaka minane, na kazi niliyokupa siku ile ilikuwa kubonyeza redio kaseti nikikupa ishara. Nilikuwa nadaiwa kodi ya ukumbi ya miezi miwili. Baba wa yule binti alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na nilijua akiondoka ataondoka na wanafunzi wengine wanne, watoto wa ndugu zake. Binti mwenyewe alikuwa mwepesi wa kushika, mwenye uso mzuri wa abhinaya, kule kusimulia kwa uso na mikono, lakini miguu haikuwa imekomaa. Nikajiambia miezi sita itatosha. Nilijua haitatosha.

Alaripu, ngoma ya kufungua, ilikwenda vizuri. Jatiswaramu, iliyofuata, vilevile. Kisha ikaja varnamu, na varnamu unaijua: nusu saa na zaidi bila kutoka jukwaani, miguu ikipiga hesabu, halafu uso na mikono vikiusimulia mstari mmoja wa wimbo kwa njia tano au sita, halafu miguu tena. Kufika katikati mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Akasimama. Sisemi aliacha kucheza, nasema magoti yalinyooka na aramandi ikapotea, na ilipopotea hesabu nayo ikamtoroka. Akawa nyuma ya muziki kwa mapigo mawili, kisha manne.

Kule Chennai, mwalimu hukaa pembeni ya jukwaa na matoazi yake, na kando yake yuko mwimbaji, mpiga ngoma ya mridangamu, na mtu wa fidla au filimbi. Mchezaji akipotea, mwimbaji hurudia mstari, mwalimu humwitia hesabu kwa sauti, ngoma ikamngoja mpaka arudi ndani. Watazamaji wengi hawatambui. Sisi tulikuwa na kaseti, na kaseti haimsubiri mchezaji. Niliona wanja ukimtiririka mpaka kidevuni, na mikono bado inaonyesha maua ya lotasi, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyomfundisha: usiache mikono ife. Nawe ulinitazama, kidole juu ya kitufe, ukiniuliza kwa macho kama uzime. Nikatikisa kichwa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema kutozima.

Watu walipiga makofi, baba yake alinikabidhi bahasha, kodi nikalipa. Wiki iliyofuata alikuja na njuga zake ndani ya mfuko wa plastiki. Akainama, akanigusa miguu kwa adabu zote, akaniambia asante mwalimu, akaenda zake. Miaka mingi baadaye tulikutana harusini. Garba, ngoma yetu Wagujarati, ilipoanza, akina mama wote, hata wenye fimbo, waliingia kwenye duara. Yeye alibaki kitini akiwashikia wenzake mikoba.

Huenda mama huyo wa Leicester akakutajia Balasaraswati, yule mchezaji mkuu wa bharatanatyamu. Mimi nilitajiwa. Atasema, mbona yeye alipanda jukwaani akiwa na miaka saba? Ni kweli, mwaka 1925, Kanchipuram. Lakini nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya wanamuziki na wachezaji kizazi baada ya kizazi. Bibi yake alikuwa Dhanammal, mpiga vina, ala ya nyuzi, ambaye wajuzi wa Madras, Chennai ya leo, walikuwa wakienda nyumbani kwake kumsikiliza. Mama yake alikuwa mwimbaji. Mtoto yule alikuwa anacheza tangu hajajua kusoma, na mwalimu wake, Kandappa, hakuwa mtu wa saa moja na nusu kwa wiki. Na baada ya siku ile aliendelea kujifunza na kucheza mpaka utu uzima. Neno lenyewe kwa Kitamil ni kupanda jukwaa tu. Kwao ulikuwa mlango wa kuingilia kazini. Huku kwetu ugenini naona tumeugeuza mlango wa kutokea: binti anacheza mara moja, picha zinapigwa, anakwenda chuo kikuu, njuga zinabaki kabatini.

Kuna jambo ulilisema mwishoni kwa sauti ya chini, nikalirudia kulisikiliza. Ulisema labda wewe si mtu wa kumkatalia mtu, kwa kuwa hukusomea India, umefundishwa na mama yako kwenye ukumbi wa saruji. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Balasaraswati huyo huyo alikwenda Marekani mwaka 1962, akafundisha chuo cha Wesleyan, vijana wasiojua Kitamil hata neno. Na mimi je? Binti wa Kigujarati wa Mombasa, nimefika Madras sijui kuomba maji. Mwalimu wangu hakunifundisha padamu hata moja, zile nyimbo za mapenzi za kucheza kwa uso, kabla sijaandika kila neno na maana yake, kwa lugha yoyote niliyotaka. Daftari lile nimeliandika kwa Kiswahili. Pale mwanamke anapomwita sakhi, yule mwenzake anayemtuma kwa mpenzi, mimi niliandika "shoga", kama Ba, mama yangu, alivyokuwa akiwaita majirani zake wa Mombasa. Siku hiyo ndipo nilipoielewa ile padamu, na mwalimu akaona usoni kwamba nimeielewa. Haki yako ya kufundisha iko hapo, katika kujua unachokifundisha mpaka ndani, na katika kuwaambia watoto kilitoka kwa nani. Waambie juu ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni, wenye ngoma hii. Waambie kwamba sheria ya Madras ya 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wakfu wasichana hekaluni, na kwamba wanawake wengi wa koo hizo walikuwa wameshaonewa haya na kusukumwa kando huku ngoma yao ikihamia kumbi za watu wenye heshima. Mtoto akilijua hilo, hataiona arangetramu kama sherehe ya kuzaliwa.

Sasa huyo mama. Usimwambie mtoto wake hana kipaji, maana si kweli na si hoja. Mwite darasani, mpe kiti. Mwache binti apige tatadavu, zile hatua za kwanza za kukanyaga, kwa kasi tatu, aramandi kamili, wewe ukigonga kigogo cha kutolea mapigo. Usiseme neno. Mama ataona mwenyewe magoti yanaanza kupanda lini. Kisha mwambie ukumbi usirudishwe. Agosti fanyeni sherehe ya njuga: uzibariki njuga mbele ya taa, umfunge binti miguuni, acheze zile ngoma za mwanzo, alaripu, jatiswaramu na shabdamu, na wale wadogo wako wacheze kabla yake. Kadi zibadilishwe maneno tu. Ikiwa wanataka cheti cha kuwaonyesha ndugu, kuna mitihani ya Imperial Society of Teachers of Dancing. Bharatanatyamu wameiweka humo siku nyingi. Mtihani haumvunji mtoto kama varnamu inavyoweza kumvunja.

Tafuta mpiga mridangamu, hata kama ni mmoja tu, na hesabu uziite kwa mdomo wako mwenyewe. Muziki wa kurekodi usiuguse siku hiyo. Na ukaitazame sakafu kabla ya lolote. Kama ni zulia lililotandikwa juu ya zege, omba ukumbi mwingine au ukodi mbao. Goti langu la kulia unalijua lilivyo.

Akikataa yote hayo akamhamisha binti, mwache aende, na binti umwambie mlango uko wazi. Najua kodi za kumbi za huko. Mwezi huo nitakutumia mimi, nimeweka kidogo, na usinibishie.

Kigogo changu cha zamani, kile chenye ufa, nimempa binti wa jirani anayekuja Leicester Jumamosi kusoma. Kijiti chake kilipotea, utachonga kingine. Zungumza na huyo mama kabla kadi hazijatoka kwa mchapaji, halafu unipigie. Jumanne niko na wadogo mpaka saa moja na nusu, siku nyingine wakati wowote.

Mama yako