Mkuu, malisho yenu yasiandikwe "akiba"

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi kijiji chenu kinakaa mkutano mkuu kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 20, unauliza vijana wafanyiwe nini wasikimbilie mjini, zahanati ijengwe wapi, na wazawa waliotoka washirikishwe vipi. Halafu katikati umechomeka, tena kwa furaha, kwamba malisho na bonde la kisima "tumeyatenga ardhi ya akiba kwa ajili ya wajukuu". Hayo mengine weka pembeni. Hilo la akiba ndilo lililotumaliza sisi.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Ndiyo, mimi mwenyewe, chekeni mapema tumalize. Tena ndiye niliyepewa makapeni, zile kalamu nene za kuandikia, eti nina mwandiko mzuri. Siku ya ramani tulichora kijiji kizima chini ya mwembe: majivu ndiyo barabara, magunzi ndiyo nyumba, majani mabichi ndiyo malisho. Bibi mmoja akaja na kikombe cha maji akamwaga pale kilipo kisima, watu wakapiga makofi. Kisha yale majani yakatakiwa kuhamia kwenye jedwali la bango kitita, na jedwali linataka jina. Mwezeshaji wetu, kijana mwenye fulana ya semina, akasema, "Hapa andikeni ardhi ya akiba, maana kwa sasa hamjengi wala hamlimi." Nani atakataa akiba? Tumekua tukiambiwa akiba haiozi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Kwa rula.

Sasa sikia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ile ya wote kwa pamoja, ile inayokaliwa na kutumiwa na mtu au familia, na ile iliyo wazi kwa ajili ya kugawiwa. Hilo la tatu ndilo tunaloliita akiba. Ni akiba ya halmashauri ya kijiji kugawa, mjukuu wako hayumo. Wewe ukisema akiba unamaanisha "tunza", jedwali linasema "bado halijapata mwenyewe".

Miaka mitatu ikapita kimya. Akaja mtu na gari, anatafuta pa kulima. Halmashauri ikafungua mpango, ikakuta bonde limekaa pale, akiba, limepigiwa mstari kwa rula. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri haijagawa, na mkutano ukaitishwa kweli, katikati ya palizi, wengi tuko mashambani. Waliohudhuria wakaambiwa eneo halina matumizi, mpango wenyewe ndivyo unavyosema. Nilipokwenda ofisini kulalamika mtendaji hakubishana hata kidogo. Alifungua ukurasa, akaweka kidole juu ya maandishi, akauliza, "Mwandiko huu si wako?" Ni wangu. Ungejibu nini?

Leo pale pana seng'enge. Njia ya kisima imebaki upana wa mkokoteni mmoja, makundi mawili ya ng'ombe yakikutana lazima moja lirudi nyuma, na wachungaji wameshachapana fimbo kwa sababu ya nani arudi. Jirani yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, amebaki na wanne. Tukikutana ananiita Bwana Akiba. Mwanangu naye shuleni wameshamrithisha jina.

Mwenyekiti wetu nimemsamehe, alisaini bila kusoma kama alivyosaini kila kitu maisha yake yote. Yule mwezeshaji simsamehi. Yeye alikuwa na sheria nzima ndani ya kompyuta yake, na alikuwa analipwa posho kuijua kwa niaba yetu. Ripoti aliyopeleka ina picha nzuri sana ya ramani ya majivu, na mimi nimechuchumaa pembeni natabasamu kama bwana harusi.

Kwa hiyo Jumamosi fanya moja tu, hata ukigombana na ukoo. Kila eneo mnalotaka libaki la wote liandikwe ardhi ya jumuiya. Litajwe jina lake, mipaka yake, mti na jiwe, na kazi yake: malisho, kisima, msitu, makaburi. Halmashauri ya kijiji ipendekeze, mkutano mkuu upitishe, kisha liingizwe kwenye daftari la ardhi ya jumuiya, na wewe ulione limeingia kwa macho yako. Ukikuta neno akiba kwenye mstari wa malisho, simama. Watakwambia ni maneno tu, mwananchi usitucheleweshe. Kama ni maneno tu, basi walibadilishe, wino upo.

Sheria ndogo za kulinda malisho mtazitunga baadaye, na hizo lazima ziende halmashauri ya wilaya ziidhinishwe, usiache mtu akakutisha nazo siku hiyo.

Zahanati sijui, kwetu bado ni msingi na nyasi. Vijana... wa kwetu walikuwa wanachunga bondeni, sasa wawili wameajiriwa kulinda ile seng'enge. Wazawa wa mjini uliniuliza nini vile? Wapigie simu waje siku ya kupiga kura, basi.

Jedwali likishaandikwa lipige picha uiweke hapa, tuisome wote. Na makapeni usimpe mtu mwenye mwandiko mzuri.