Mwache Mtoto Akwame Kidogo

Mimi si mwalimu. Nilikuwa muuguzi, nikastaafu, nikarudi kwetu Wete kupumzika, na mapumziko yakanichosha. Siku moja jirani akaniletea mjukuu wake wa darasa la pili: "Bibi, hebu msikilize huyu. Kitabu anakijua chote, lakini mwalimu wake anasema hajui kusoma."

Wote wawili walisema kweli. Mtoto alinisomea ukurasa mzima bila kosa huku macho yake yakimfuata paka. Kauhifadhi! Watoto wetu wameanza kuhifadhi chuoni, kwenye Kurani, tangu wadogo, na kitabu cha skuli hakiwashindi. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwambia aanze mstari wa chini. Kimya.

Basi mzee mwenzangu unayetaka kusaidia, anza hapo: jua kama anasoma au anabashiri. Kubashiri nako kuna akili yake. Kitabu kiliandika "magimbi", yeye akasoma "majimbi". Kiliandika "shule", akasoma "skuli". Maana kaipata, na hapa Pemba nani anasema magimbi? Usimcheke, wala usimwambie Kiswahili chake kibovu. Mimi humwambia, "Ndiyo hayo hayo majimbi. Sasa nionyeshe herufi ya tatu." Anaitazama, anaendeleza polepole, ma-gi-mbi, halafu anacheka mwenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuwa huruma. Akikwama tu, neno nishamtajia. Wiki tatu nzima msomaji nilikuwa mimi. Siku hizi nahesabu moyoni mpaka kumi kabla sijafungua mdomo, na ikibidi nampa silabi ya kwanza tu. Kumi ni ndefu, jaribu uone. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumngojea mtoto mmoja hivyo. Sisi tunayo.

Nina watano sasa, wale wanaoingia skuli mchana. Wanakuja barazani asubuhi, kila mmoja robo saa, peke yake. Nawapa chelewa, kile kijiti cha ukuti, ya kuelekezea herufi, kama chuoni. Mmoja alikuwa akiiweka upande wa kulia, kwa mazoea ya juzuu ya Kurani, inayosomwa kutoka kulia. Nikamgeuza taratibu, maana mtoto wa miaka minane mwenye hati mbili kichwani si mjinga. "Ng'ombe" na "ngoma" zilituchukua karibu mwezi.

Nenda ukamwone mwalimu wake mapema. Mimi nilichelewa, nikawa nafundisha "be, che, de" kama nilivyofundishwa zamani, kumbe darasani wanaanza na sauti za herufi. Mtoto akawa katikati, hajui amfuate nani.

Msimu wa karafuu watapotea kwenda kuokota mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini. Usinune. Wakirudi, rudini kurasa mbili tatu nyuma.

Na ukiwa na udhuru, waage. Siku moja nilikwenda kuchukua pencheni jamii, ile yetu tuliotimia miaka 70, nikasahau kuwaambia. Foleni ilikuwa kama unavyoijua. Niliporudi saa sita niliwakuta wanne barazani na sare zao tayari, vitabu mapajani, na yule mkubwa anawasikiliza wenzake. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kwa sauti, mpaka kumi.